Mack McCormick na picha za Bi Carrie: kisa cha mwanahistoria wa bluzi

Kwa zaidi ya miaka 40, mtu aliyekuwa amekusanya habari nyingi mno za mpiga gitaa Robert Johnson aliishi Houston, Texas, katika nyumba iliyojaa makaratasi na kanda, na kitabu alichokuwa ameahidi hakikutoka. Jina lake kamili lilikuwa Robert Burton McCormick, ila watu walimwita Mack. Wapenzi wa bluzi, muziki wa Waafrika-Wamarekani, wanapomtaja, wengi husikitikia hicho kitabu. Kinachonisikitisha mimi ni kingine: picha na masimulizi aliyoyachukua mwaka 1972 kwa dada wawili wa marehemu Johnson, kisha akayashika kama mali yake. Naamini kisa chote kiliharibikia hapo, na kukwama kwa kitabu ni sehemu ya uharibifu huo huo.

Nitaanza na uzuri wake, kwa kuwa alikuwa nao mwingi, na asiyeujua atamhukumu kwa haraka.

Karani wa sensa

McCormick alizaliwa Pittsburgh mwaka 1930. Wazazi wake, mafundi wa eksirei, walitengana, na yeye akakulia huku na huko: Alabama, Colorado, West Virginia, Texas. Sekondari hakuimaliza. Akiwa kijana aliingia duka moja la santuri huko New Orleans, akamkuta mwenye duka, Orin Blackstone, anaandaa orodha kubwa ya santuri zote za jazi, na Blackstone akampa sehemu ya Texas aishughulikie. Shule yake ya historia ilianzia hapo. Kazi za kumweka mjini zilikuwa nyingine kabisa: kuendesha teksi, kupika kwenye vibanda vya chakula, ufundi wa umeme.

Kisha ikaja sensa ya mwaka 1960. McCormick akawa karani wa sensa katika mtaa wa Fourth Ward, mtaa wa zamani wa Waafrika-Wamarekani wa Houston. Akabisha hodi mlango kwa mlango, akauliza maswali ya serikali, na alipoyamaliza akaongeza lake: humu ndani kuna anayepiga ala? Nani alikuwa akipiga hapa zamani? Majibu yakamfunulia kundi zima la wapiga piano waliokuwa wakizunguka na treni kati ya kambi za wakata mbao na vilabu vya pombe miaka ya 1920 na 1930, watu ambao wataalamu hawakuwahi kuwasikia kwa sababu wengi wao hawakuwahi kurekodi.

Hili ni jambo kubwa, na linahitaji kuelezwa. Wakati huo karibu wote walioandika historia ya bluzi walianzia kwenye santuri. Ukipata santuri ya mwaka 1928 unasoma jina kwenye karatasi ya katikati, kisha unamsaka mwenye jina. Njia hiyo inamwona yule tu ambaye kampuni ya New York au Chicago iliamua kumrekodi. McCormick alianza na mtaa. Aliuliza majirani wenyewe walimthamini nani, na jibu la majirani mara nyingi halikuwa lile la kampuni.

Mwaka huo huo wa 1960, yeye na Chris Strachwitz, kijana mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akianzisha kampuni ya santuri huko California, walifika Navasota, mji mdogo wa pamba kaskazini-magharibi ya Houston. Waliuliza kwa watu hivyo hivyo: hapa nani mpigaji wenu? Wakaelekezwa kwa Mance Lipscomb, mkulima wa miaka 65 aliyekuwa amelima maisha yake yote katika ardhi ya watu, kwa mpango wa kugawana mavuno na mwenye shamba, huku akipiga gitaa kwenye ngoma za Jumamosi usiku. Hakuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Walimrekodi, na santuri hiyo ikawa ya kwanza ya kampuni ya Strachwitz, Arhoolie. Lipscomb alizunguka Marekani akipiga kwenye matamasha makubwa hadi uzeeni. Bila ule mtindo wa kuuliza majirani, angekufa anajulikana Navasota peke yake. Hata tahajia ya neno zydeco, muziki wa kodiani wa watu weusi wa Louisiana waliohamia Houston, huhesabiwa kuwa ni yake.

Msako wa mtu mwenye majina mengi

Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937. Akafa karibu na Greenwood, Mississippi, tarehe 16 Agosti 1938, akiwa na miaka 27. Mwezi Desemba wa mwaka huo mtayarishaji wa santuri John Hammond alimtaka kwenye tamasha la Carnegie Hall, New York. Akaambiwa amefariki, ikabidi santuri zake zichezwe jukwaani. Kampuni ya Columbia ilipokusanya nyimbo zake katika santuri ndefu mwaka 1961, vijana wa Uingereza na Marekani wakapagawa. Lakini hakuna aliyejua huyu mtu katoka wapi, wala sura yake. Pengo hilo likajazwa na hadithi ya kwamba aliuza roho yake kwa shetani kwenye njia panda.

Mtafiti Gayle Dean Wardlow alipata cheti chake cha kifo mwaka 1968. Hakikuwa na sahihi ya daktari, ila kilitaja mahali pa kuzaliwa, Hazlehurst, na majina ya wazazi. Ungedhani kazi imekwisha. Haikwisha, kwa sababu ukoo wenyewe ulikuwa umelazimika kujificha. Charles Dodds, mume wa Julia, mama yake Robert, alikuwa seremala mwenye mali yake huko Hazlehurst. Alipogombana na matajiri wa Kizungu wa mji huo, ilimbidi akimbie kuokoa maisha, akahamia Memphis na kujiita Spencer. Robert alizaliwa baada ya hapo, kwa baba mwingine, Noah Johnson. Utotoni alilelewa kwa muda Memphis kwa Spencer, kisha kwa mama na baba wa kambo kwenye shamba la pamba upande wa Robinsonville. Hivyo mtu mmoja aliwahi kuitwa Dodds, Spencer na Johnson. Mtafiti anayefuata jina moja kwenye madaftari ya serikali anapotea. Na majina hayo hayakubadilika kwa bahati. Yalibadilika kwa sababu mtu mweusi mwenye mali Mississippi ya wakati ule angeweza kuuawa na asiulizwe mtu.

McCormick alilivaa tatizo hili kama karani wa sensa. Alichukua miji inayotajwa kwenye nyimbo za Johnson, kama Rosedale, Friars Point, Vicksburg na West Helena, akaiweka kwenye ramani, akaenda kubisha hodi. Kuanzia mwaka 1968 alikuwa akifanya kazi za nyanjani kwa ajili ya tamasha la utamaduni la Taasisi ya Smithsonian ya Washington, na safari hizo zilimpa nafasi ya kuuliza habari za Johnson kila alikopita. Hatua kwa hatua, kutoka kwa mzee hadi kwa mzee, alifika kwa jamaa zenyewe.

Mwaka 1972

Dada wa Robert kwa mama, Bi Carrie Thompson, alikuwa akiishi Churchton, Maryland. Mwingine, Bi Bessie Hines, naye alikuwa hai. McCormick aliwapata, akawahoji, na Bi Carrie akatoa picha za familia, zikiwemo za Robert ambazo ulimwengu haukuwahi kuziona. Mgeni aliyekuja kwa adabu na kujua habari za ukoo kuliko majirani alipewa kile ambacho wakubwa wa santuri hawakuwahi hata kukitafuta. Aliazima picha, na karatasi ikatiwa sahihi ya kumpa haki ya kuzitumia.

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Ndugu wa Bi Carrie wamelalamika tangu hapo kwamba picha hazikurudi zote. Mwaka uliofuata akaja mtu mwingine, Steve LaVere, naye akitafuta habari za Johnson. Mwaka 1974 Bi Carrie aliandikiana naye mkataba wa kugawana nusu kwa nusu mapato yatakayotokana na nyimbo na picha. LaVere akaipelekea Columbia mpango wa kutoa rekodi zote za Johnson kwa pamoja. McCormick aliposikia, aliiandikia kampuni kwamba yeye ndiye mwenye haki ya awali. Kampuni ikaogopa kesi, ikaweka mpango kabatini.

Hapa naomba msomaji atulie. Mkusanyiko ule ulikuja kutoka mwaka 1990. Uliuzwa kupita nakala milioni moja, ukapata tuzo ya Grammy. Bi Carrie Thompson alifariki mwaka 1983. Yeye aliyekuwa akimpokea Robert nyumbani kwake Memphis, aliyetunza zile picha kwa miaka zaidi ya 30, hakuiona siku ile. Wanaume wawili waliomjia mmoja baada ya mwingine walikuwa wakivutana juu ya nani ana karatasi ya kwanza.

Baadaye mahakama za Mississippi zilimtambua Claud Johnson, dereva wa lori la kokoto aliyezaliwa mwaka 1931, kuwa mwana wa Robert na mrithi wake pekee. Uamuzi ulitolewa mwaka 1998 na Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikauthibitisha mwaka 2000. Sina neno juu ya haki ya Mzee Claud. Mtoto ni mtoto, na alikuwa ameishi maisha ya kazi ngumu bila senti ya babake. Lakini mirabaha ilihamia kwake, na upande wa Bi Carrie ukabaki na kumbukumbu. McCormick hakuusababisha uamuzi huo wa mirathi. Kosa lake ni kuwa alichelewesha haki ya mwanamke mzee kwa madai ambayo hata yeye mwenyewe hayakumfaidia chochote.

Jitu

McCormick aliita hifadhi yake "Jitu". Lilikuwa rundo la kanda, hati, picha, ramani na daftari zilizojaza nyumba, na kila mwaka lilimshinda zaidi. Alikuwa na ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka: majuma ya kufanya kazi bila kulala, kisha miezi ya giza asiyoweza kugusa kalamu. Aliusema waziwazi, na ni ungwana kuutaja bila kumdhihaki. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji wenzake wa kumshika mkono, mhariri wa kumwambia sura hii imetosha, chuo cha kumpa chumba cha kutunzia vitu. Yeye hakuwa na chuo, na wenzake aligombana nao.

Mfano wa Paul Oliver unatosha. Oliver, Mwingereza aliyeheshimika kuliko wote katika uandishi wa bluzi wa kizazi chake, alishirikiana naye tangu karibu mwaka 1960 kuandika historia kamili ya bluzi za Texas. Waliandika mamia ya kurasa, kisha wakakosana. Kitabu kilikaa hadi mwaka 2019, kikatolewa kikiwa hakijakamilika, wote wawili wakiwa wamekufa. Mtu mwingine, Peter Guralnick, aliandika habari za Johnson mwaka 1982 akitegemea yale McCormick aliyomsimulia, na wasomaji wakaamini kitabu chenyewe kiko njiani. Miaka ikapita. Uzeeni McCormick akaanza kusema labda Robert Johnson aliyemfuatilia siye yule aliyerekodi nyimbo. Yaani alifika mahali pa kutilia shaka kazi bora ya maisha yake.

Siamini kwamba ugonjwa peke yake unaeleza hayo. Mtu aliyezuia wengine kwa kusema "hii ni yangu" analazimika kuilinda mchana na usiku. Kila anayekuja kuuliza anakuwa mwizi mtarajiwa. Kila barua ya Bi Carrie au ya wakili ni shambulio. Angechapisha, angeulizwa alipata wapi na kwa ruhusa gani. Kitabu chenye deni la namna hiyo hakimaliziki kirahisi, hata kwa mwandishi mwenye afya.

Mwaka 2014 hofu yake ilitimia. Kulikuwa na wanawake wawili, Geeshie Wiley na Elvie Thomas, waliorekodi kwa kampuni ya Paramount huko Grafton, Wisconsin, mwaka 1930 na kutoweka bila alama. Kumbe McCormick alimpata Bi Thomas Houston mwaka 1961, jina lake likiwa herufi tu, L.V., akafanya naye mahojiano marefu na kuyaweka kabatini zaidi ya miaka 50. Msaidizi aliyekuwa akimpangia makaratasi aliyapiga picha bila idhini yake, na mahojiano yakatumika katika makala ndefu ya gazeti la New York Times. Waandishi wakabishana: je, ni haki kumwibia mzee mgonjwa ili kuokoa historia?

Kwangu kitendo kile hakikuwa halali. Ila mabishano yale yalinikera kwa namna yalivyomzunguka McCormick na gazeti tu. Maneno yalikuwa ya L.V. Thomas. Alikuwa mtu mzima, ameacha bluzi na kushika kanisa, akakubali kumweleza kijana wa Kizungu ujana wake. Aliyeyanyamazisha kwa nusu karne na aliyeyatoa kwa siri hawakuwa na tofauti kubwa kwa upande wake: hakuna kati yao aliyewauliza watu wake.

Uamuzi wa Washington

McCormick alifariki Novemba 2015, akiwa na miaka 85. Mwaka 2019 binti yake alitoa Jitu lote kwa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, sehemu ya Smithsonian: kanda zipatazo 590, masanduku 165 ya hati, na maelfu ya picha. Mwaka 2023 yakatoka matunda matatu karibu kwa pamoja. La kwanza ni mswada wa McCormick kuhusu msako wa Johnson, ukihaririwa na John Troutman, msimamizi wa muziki wa makumbusho hayo. La pili ni maonyesho juu ya hifadhi yenyewe, hazina zake na matatizo yake. La tatu ni mkusanyiko wa nyimbo 66 alizorekodi kati ya 1958 na 1971, na ningemshauri yeyote aanze nao, kwa kuwa humo unamsikia yule karani wa sensa mwenye sikio lake bora.

Troutman aliziacha nje ya kitabu sehemu zilizotokana na mahojiano ya Bi Carrie na Bi Bessie. Sababu yake ni kwamba jinsi McCormick alivyowatendea, idhini yao haiwezi kuhesabiwa kuwa idhini. Pia alieleza bayana kwenye kitabu hicho yale yaliyotokea, badala ya kuyafunika kwa sifa.

Wapo waliolalamika. Wanasema wahusika wote wamekufa, ukweli hauna mwenyewe, na kukata sura ni kuidhulumu historia mara ya pili. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Nimeisoma historia ya rekodi za Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika aliyezunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 na 1952 na mashine yake. Wasichana wa Kipsigis huko Kenya walimwimbia wimbo wa Chemirocha, jina lililotoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji Mzungu wa Mississippi aliyejenga umaarufu wake juu ya bluzi na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Bila mashine ya Tracey wimbo ule tusingekuwa nao. Lakini kanda zilikaa Afrika Kusini na kusambaa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 60, mpaka hifadhi ya Tracey iliposhirikiana na Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music, Nairobi, kurudisha nakala kwa Wakipsigis wenyewe. Huko waliwakuta baadhi ya waliorekodiwa wakiwa bado hai. Kama wangechelewa miaka mitano zaidi, wangekuta makaburi. Kwa hiyo ninaposema sura ziachwe, sisemi zichomwe. Zipo kwenye hifadhi ya taifa, na uamuzi juu yake unapaswa kuanza na jamaa wa wale dada wawili, si na hamu yangu mimi msomaji.

Tena hasara ni ndogo kuliko inavyodaiwa. Annye Anderson, binti wa Charles Spencer na mdogo wake Bi Carrie kwa baba, alizaliwa mwaka 1926 na kumjua Robert kama kaka wa nyumbani Memphis. Mwaka 2020, akiwa na miaka zaidi ya 90, alitoa kitabu chake, akaweka jaladani picha ya Robert ambayo familia ilikuwa imeitunza bila kumwazima mtu. Humo Robert hana shetani wala njia panda. Ni kijana anayekuja kwa dada yake, anapenda kujipamba, anawapigia watoto nyimbo wanazozitaka, zikiwemo zile za Jimmie Rodgers. Anayetaka kuujua utoto wa Robert Johnson aanze na kitabu cha Bi Anderson, kisha ndipo asome cha McCormick.